Sumaku haikunasa mguuni: je, kweli aliwekewa chuma?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanza. Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akavunjika mfupa wa muundi, na hospitali wakamwekea chuma ndani ya mfupa. Sasa ni mwezi wa tatu. Juzi nilitoa sumaku kwenye spika mbovu nikaipitisha mguuni kwake, haikunasa hata kidogo. Je, kweli walimwekea chuma? Pili, mwilini kuna maji na chumvi, mbona hakishiki kutu, wakati mageti ninayotengeneza huku kando ya ziwa yanaoza hata yakipakwa rangi? Tatu, jirani yetu aliwekewa kama hicho, kikakatika baada ya miezi tisa. Chuma kinakatikaje ndani ya nyama, tena kwa kubeba mtu tu?

JIBU: Marahaba, fundi. Jaribio lako la sumaku ni zuri, na jibu lake ni kwamba hakuna aliyemdanganya mdogo wako. Chuma cha mifupa mara nyingi ni stenlesi ya aina inayoitwa 316L, au ni titani, metali nyingine kabisa. Titani hainaswi na sumaku ya spika. Stenlesi hiyo nayo, ingawa zaidi ya nusu yake ni chuma kilekile unachokijua, imechanganywa na nikeli nyingi, kiasi cha asilimia 13 hadi 15. Nikeli hiyo hubadilisha namna chembe za chuma zinavyojipanga, na kwa mpangilio huo mpya chuma hupoteza tabia yake ya kuvutwa. Peleka sumaku yako jikoni uone. Sinki la stenlesi mara nyingi halitanasa, ila kisu cha stenlesi kitanasa, kwa sababu kisu kinahitaji makali na hutengenezwa kwa mchanganyiko mwingine usio na nikeli hiyo. Hata hivyo, siku mdogo wako akiambiwa aingie kwenye MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, aseme mapema kwamba ana chuma mguuni. Wahusika ndio watakaopima usalama wake, si sumaku ya spika.

Kuhusu kutu, usifikiri mwili ni mahali papole. Maji ya mwilini yana chumvi karibu gramu 9 kwa lita na joto la nyuzi 37, usiku na mchana. Geti lako lingeoza humo haraka. Kinachookoa stenlesi ni kromu, asilimia 17 hivi, ambayo ikikutana na oksijeni hujifunika ngozi nyembamba ya nanomita chache tu (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni). Ngozi hiyo ikikwaruzwa, hujiziba yenyewe mara moja. Rangi ya geti haiwezi hilo: ikichubuka, imechubuka. Adui wa ngozi hiyo ni klorini iliyomo kwenye chumvi, inayoitoboa vishimo vidogo vidogo, na ndiyo sababu huongezwa metali nyingine, molibdeni, asilimia 2 hadi 3.

Na hapa kuna jambo ambalo wewe umeshaliona kwa macho yako. Ulipochomelea stenlesi ya bei nafuu, hukuona baada ya miezi kadhaa mstari wa kutu pembeni ya mshono, si juu ya mshono wenyewe? Joto la kuchomelea, kati ya nyuzi 450 na 850, huifanya kaboni iliyomo iikamate kromu, na pale palipopungukiwa kromu ngozi haijengeki. Ile herufi L kwenye 316L maana yake ni kaboni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03. Kwa mifupa wanaenda mbali zaidi: madini huyeyushwa tena kwenye ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, ili takataka zitoke, chuma hukandamizwa kikiwa baridi ili kiongezeke nguvu, kisha uso wake hung'arishwa na kuoshwa kwa asidi. Kwa hiyo bamba la 316L lililoko karakanani kwako, hata likiwa halisi, si ndugu wa karibu wa kile kilichomo mguuni kwa mdogo wako.

Sasa la jirani, ambalo ndilo zito. Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, ukivute: hukikati kwa mkono. Kikunje mara moja: hakikatiki. Kikunje huku na huku mara ishirini, kinakatika. Huo ndio uchovu wa chuma. Mguuni mkunjo ni mdogo sana, hauonekani kwa jicho, lakini hauna likizo. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku anaukanyagia kila mguu mara 2,500, yaani zaidi ya mara 900,000 kwa mwaka. Tena mzigo si uzito wa mwili peke yake. Misuli inapovuta ili usianguke, nayo hubana mfupa. Kwenye nyonga, kutembea kwa kawaida tu kunaweza kuleta mzigo wa mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu. Ufa huanzia mahali penye kona au tundu, mara nyingi kwenye matundu ya skrubu, na husonga kidogo kidogo mpaka siku moja kipande kilichobaki kinashindwa.

Kwa nini basi vyuma vya wengine wote havikatiki? Kwa sababu mfupa unapona. Mfupa ni kitu hai. Damu iliyovilia pale ulipovunjika hugeuka kuwa kiungo laini ndani ya wiki chache, kisha madini ya kalisi na fosfeti huingia na kukifanya kigumu, na baadaye seli zinazobomoa na seli zinazojenga huusawazisha mfupa ule kwa miezi na hata miaka. Kila kiungo kinavyokakamaa, hubeba sehemu ya mzigo na kukipunguzia chuma. Kwa hiyo chuma hakikuwekwa kiwe mguu wa pili. Kiliwekwa kushikilia mahali pake wakati mfupa unajijenga, kama mirunda inayobeba zege bichi. Mirunda ikiachwa ibebe ghorofa kwa sababu zege halikukauka, ni suala la siku tu. Mimi chuma kikikatika miezi tisa, swali langu la kwanza huwa ni hili: mfupa ulikuwa umeunga? Mara nyingi haukuwa umeunga. Ama damu haikufika vizuri, ama kulikuwa na vijidudu, ama mgonjwa anavuta sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na huchelewesha kuunga.

Utauliza: si waweke chuma kinene zaidi? Unene una nguvu ya ajabu. Chuma cha duara cha milimita 12 kinapinga kukunjwa mara mbili zaidi ya cha milimita 10, maana ukakamavu hupanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Lakini ukizidisha, unaharibu mfupa. Stenlesi ina ukakamavu wa gigapaskali 200 hivi, titani 110, na ganda gumu la mfupa ni kama 17 hadi 20. Viwili vikibeba mzigo pamoja, kilicho kikakamavu zaidi hubeba zaidi. Na mfupa usiobeba hupungua. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892, na leo tunaliona kwa wanaanga, ambao mifupa yao ya nyonga hupoteza asilimia 1 hivi au zaidi kila mwezi wakiwa angani bila uzito. Kwa hiyo titani inapendwa kwa ule ulegevu wake. Sifa yake nyingine iligunduliwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark mwaka 1952, alipoweka kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura ili achunguze damu inavyopita, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika, hakitoki.

Hilo lisimfanye mdogo wako aione stenlesi kuwa ya maskini. Chuma cha shirika la Marekani liitwalo SIGN, kinachotumika hospitali nyingi za kwetu ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni cha stenlesi, na kilibuniwa ili daktari aweze kufunga skrubu zake kwa kutumia mkono wa kulengea nje ya mguu, bila mashine ya eksirei chumbani. Kimewasimamisha watu wengi sana. Kwa kuwa kinakaa katikati ya mfupa, si ubavuni, hata mkunjo unaokipata ni mdogo kuliko wa bamba lililopigwa pembeni.

Kukitoa ni uamuzi wa daktari. Kwa watu wazima, kikiwa hakisumbui, mara nyingi huachwa. Kikitolewa, matundu ya skrubu hubaki kuwa mahali dhaifu kwa muda, kwa hiyo asirudi kubeba mizigo siku hiyohiyo. Na kabla ya hapo, akiona usaha, uvimbe mpya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, asingoje tarehe ya kliniki.

Muundi kwa kawaida huunga kati ya miezi minne na sita, kwa hiyo mwezi wa tatu bado chuma kinabeba sehemu kubwa. Mkienda kliniki, ombeni muone picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu. Kila picha ina kingo mbili za mfupa, jumla nne. Mwulize daktari: ngapi zimeshavukwa na mfupa mpya? Akikuambia tatu kati ya nne, na mdogo wako anakanyaga bila maumivu, basi mzigo umeanza kurudi kwa mwenyewe.