Kabla Hujamtafutia Steringi Mchumba

Kila ninapokaa na watazamaji wa filamu za upelelezi, za vita au za mazimwi, hufika mahali mmoja wao akalalamika kwamba "wameanza kuleta mapenzi". Waandishi wengi wanaosikia lalamiko hilo hulipuuza, wakidhani limetoka kwa mtu mwenye moyo mgumu au kwa kijana ambaye bado hajayajua mambo ya dunia. Mimi ni mwandishi wa hadithi za upelelezi, na kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakiniletea miswada ya filamu zao niisome kabla hawajaanza kupiga picha. Naandika makala haya kwa sababu naamini lalamiko hilo lina hoja nzito, na kwamba mwandishi anayelisikiliza kwa makini ataandika vizuri zaidi, hata kama hatimaye ataamua kuyaacha mapenzi yake palepale alipoyaweka.

La kwanza la kuelewa ni kwamba mlalamikaji hayachukii mapenzi. Mtu huyohuyo anayenung'unika kwa sababu mpelelezi ameacha kumfuatilia muuaji ili akale chakula cha usiku na binti aliyekutana naye juzi, utamkuta jioni ameganda mbele ya tamthilia ya Kituruki, akifuatilia sehemu baada ya sehemu masaibu ya mume na mke wasioelewana, wala hataki mtu apite mbele ya runinga. Kwenye tamthilia alikaa kwa ajili ya mapenzi, na kwenye upelelezi alikaa ili ajue nani aliua. Wapo pia watu ambao mapenzi ya mke na mume hayawagusi kabisa katika maisha yao, na filamu ya safari au ya vita huwa mojawapo ya mahali pachache wanapoona watu wakithaminiwa kwa urafiki wao, kazi yao au ujasiri wao. Hao nao ni watazamaji, na wana haki ya kusikilizwa bila kuambiwa kwamba wana kasoro.

Nilivyoona mimi, kinachowaudhi watu ni kwamba mapenzi yakiingizwa kwa nguvu, kuna uhusiano mwingine unaofukuzwa ili yapate nafasi. Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ni filamu tatu za The Hobbit, ambazo Peter Jackson alizitoa mwaka 2012, 2013 na 2014 kutokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien cha mwaka 1937. Kitabuni hamna mapenzi ya aina hiyo hata kidogo. Kuna safari ndefu, njaa, hofu, tamaa ya dhahabu, na joka liitwalo Smaug lililolalia hazina ya vibete. Filamu ya pili ilimleta askari wa kike aitwaye Tauriel, ambaye kitabuni hayumo, ikampa mapenzi na kibete kijana aitwaye Kili, huku Legolas, mwana wa mfalme wake, naye akimtamani. Evangeline Lilly, aliyeigiza nafasi hiyo, amewahi kueleza katika mahojiano kwamba aliikubali kazi kwa sharti la kutowekwa katikati ya wanaume wawili, na kwamba mambo yalibadilika aliporudishwa kupiga picha za nyongeza.

Tazama lililotokea kwa mtazamaji. Kili amechomwa mshale wenye sumu, ameachwa katika mji uliojengwa juu ya ziwa, na wakati huohuo Bilbo, mhusika mkuu wa kisa, yumo peke yake ndani ya mlima, uso kwa uso na joka. Hilo joka ndilo mtazamaji alilolingoja tangu filamu ya kwanza. Basi katikati ya hatari ile anatolewa mlimani na kurudishwa katika nyumba moja ya mjini, ambako mgonjwa amelazwa mezani, Tauriel anamtibu kwa majani huku mwanga ukimzunguka, na mgonjwa anauliza kwa sauti ya chini kama binti yule angeweza kumpenda. Kisha tunarudishwa mlimani. Aliyekuja kwa ajili ya joka amesimamishiwa saa yake, na hofu iliyojengwa kwa subira imepungua makali bila sababu inayotokana na kisa chenyewe.

Hata hivyo suala la muda ni dogo ukililinganisha na kilichofanywa kwenye kifo cha Kili. Katika kitabu, Kili na kaka yake Fili ni wapwa wa Thorin, kiongozi wa msafara, kwa kuwa mama yao ni dada yake. Vita vilipochacha, vijana wale wawili walisimama mbele ya mjomba wao, wakamkinga kwa ngao na kwa miili yao, wakauawa. Tolkien analisema hilo kwa maneno machache tu, na msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa mjomba, wala kwa nini mpwa afe mbele yake. Katika filamu, Fili anatekwa na kuuawa kwanza, halafu Kili anakufa akijaribu kumwokoa Tauriel, mbele ya macho ya binti huyo. Wafu ni walewale, lakini kifo cha Kili kimeondolewa kwa mjomba na kukabidhiwa mapenzi ya siku chache, na undugu uliowatoa wale vijana nyumbani na kuwavusha milima na misitu umebaki pembeni. Mtazamaji anayesema "mapenzi yameharibu" mara nyingi hawezi kukieleza kilichochukuliwa, lakini amehisi kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Wapo waliompenda Tauriel, na nawaelewa, kwa sababu kitabu kile hakikumpa mwanamke nafasi yoyote ya maana. Ila Tauriel hakuhitaji mchumba ili awe mtu. Ndani ya filamu hiyohiyo anabishana na wakubwa wake, akiwaambia kwamba uovu unaoenea nje ya mipaka ya msitu wao unawahusu nao pia. Hiyo ni sababu kamili ya askari kuvuka mpaka bila idhini ya mfalme, na ingetosha kumbeba mpaka mwisho wa vita. Badala yake, kila hatua anayopiga baada ya hapo inasomeka kama hatua ya kumfuata Kili. Wanawake kadhaa ninaojadiliana nao kuhusu filamu wana malalamiko makali kuliko ya wanaume juu ya jambo hili: wanasema wamechoka kuona kwamba mwanamke akiingia kwenye hadithi ya vita au ya sayansi, dakika chache baadaye kazi yake inakuwa kupendwa.

Irene Adler yalimkuta hayohayo. Katika hadithi ya Arthur Conan Doyle iliyochapishwa mwaka 1891, mwanamke huyu anamshinda mpelelezi Sherlock Holmes kwa akili, anaolewa na mwanasheria aitwaye Godfrey Norton, na anaondoka zake. Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia kisa, anatwambia mwanzoni kabisa kwamba Holmes hakuwa na mapenzi naye, bali alimheshimu kupita wanawake wote. Filamu ya mwaka 2009 ikamgeuza kuwa mpenzi wa zamani wa mpelelezi. Heshima ya mpelelezi kwa mtu aliyemzidi maarifa ni kitu adimu katika hadithi, na mahaba yamejaa kila mahali, kwa hiyo aliyefanya badiliko hilo alitoa kitu adimu akapokea kilichojaa sokoni.

Mazoea haya yana historia. Mtaalamu wa filamu David Bordwell na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1985, walichunguza filamu 100 za Hollywood za kati ya mwaka 1915 na 1960 zilizochukuliwa bila kupendelea. 95 zilikuwa na mapenzi katika angalau mkondo mmoja wa kisa, na katika 85 mapenzi ndiyo yalikuwa mkondo mkuu. Ndiyo maana hata leo mtayarishaji akiuona mswada usio na mchumba huhisi kuna pengo, na mwandishi kijana, aliyelelewa na filamu hizo pamoja na za Kihindi, huliziba kabla hajaulizwa.

Kwetu kuna sababu nyingine, ambayo wahakiki wa nje hawaigusi kwa kuwa hawaijui. Sisi hutazama pamoja. Filamu ya vita huwekwa sebuleni ikiwa baba yupo, watoto wapo, na pengine mkwe amekuja kutembea, kwa kuwa wote wanaamini kwamba mapigano hayamwaibishi mtu. Kisha ghafla watu wawili wanavuliana mashati. Mama anakumbuka kwamba kuna kitu jikoni, mkubwa wa nyumba anaitafuta rimoti chini ya mto wa kochi, na mtoto anaulizwa kuhusu kazi zake za shule. Mtazamaji huyo hakuja na chuki yoyote dhidi ya mahaba. Alichagua filamu kwa kuzingatia stara ya waliokaa naye, na filamu ikamvunjia uteuzi wake. Katika kibanda umiza hali ni tofauti, kwani huko watu hupaza sauti waziwazi, "Peleka mbele!", na mwenye kibanda hupeleka mbele. Mwandishi anayewaandikia watu wetu inampasa aufikirie ukumbi wote, pamoja na mkwe.

Sisemi kwamba mapenzi yaondolewe katika hadithi hizi. Filamu ya Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy mwaka 1975 na kupendwa mno katika pwani yetu, ina jozi mbili za wapenzi ndani ya kisa cha kisasi, na sijawahi kumsikia mtu akiomba zipunguzwe. Radha ni mkaza mwana wa Thakur, mjane katika nguo nyeupe, ambaye familia yake yote ya ndoa, isipokuwa Thakur, iliuawa na jambazi Gabbar Singh. Jai, mmoja wa wezi wawili walioajiriwa na Thakur kumkamata Gabbar, huketi nje usiku akipuliza kinanda chake cha mdomo, huku Radha akipita ghorofani kuzima taa moja baada ya nyingine. Hawazungumzi. Mtazamaji anaelewa yote, kwa sababu jeraha lililomfanya Radha awe mjane ndilo lililomleta Jai kijijini. Mapenzi yale yametokana na mauaji yaleyale ambayo kisa kizima kinayalipizia. Hata Basanti, mwenye maneno mengi, anapolazimishwa kucheza mbele ya Gabbar juu ya vioo vilivyovunjika ili mpenzi wake Veeru, mwizi mwenzake Jai, asiuawe, mapenzi yake yanauongeza ukatili wa adui badala ya kuupumzisha. Na urafiki wa Jai na Veeru haukuguswa. Unabaki kuwa moyo wa filamu mpaka Jai anapokufa.

Kwa hiyo kijana akiniletea mswada, humwomba afanye kazi moja kabla hatujaendelea: ayaondoe mapenzi yote, asome upya, kisha aniambie ni tukio gani limeshindwa kutokea. Kama muuaji bado anakamatwa kwa njia ileile, kama hakuna aliyesema uongo, aliyesaliti wala aliyechelewa kwa sababu ya yule mpenzi, basi mapenzi yale hayakuwa na kazi. Halafu humwomba aangalie kurasa zilizoachwa wazi na kujiuliza nani alistahili kuwamo: dada wa marehemu aliyetajwa mara moja, mwenzake wa kituoni, mama aliyempigia simu asipokelewe. Mara nyingi uhusiano uliokuwa na nguvu zaidi ulikuwa umesubiri hapo.

Humshauri pia asiogope kuwaacha mwanamume na mwanamke wakiwa karibu bila kuwapa kitanda. Katika Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, Max, ambaye mwanzoni alifungwa ili damu yake iwanufaishe watesi wake, anajitoa mwenyewe kumtilia damu Furiosa anayekata roho, na wakati huo ndipo anapomtajia jina lake. Hawabusiani, na mwisho wanaagana kwa kutazamana katikati ya umati. Ukaribu ule ulitokana na walichopitia pamoja barabarani, na busu lingeupunguza.

Na ikitokea mtayarishaji akasisitiza kwamba bila mchumba filamu haitauzika, usibishane naye kuhusu sanaa. Mwombe achague tukio moja la hatari katika mswada ambalo mpenzi huyo atalifanya liwe gumu zaidi kwa steringi, kisha andika mapenzi kuanzia hapo kurudi nyuma. Akikosa tukio la namna hiyo, mpe orodha ya siku za kupiga picha na gharama za matukio ya mahaba anayoyataka, mkae mhesabu pamoja. Watayarishaji wetu, ambao bajeti zao ni finyu, huielewa hesabu hiyo upesi.