Mchoro wa nyumba isiyo na mlango

SWALI: Mama yetu alifariki miezi minne iliyopita. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 9, hataki kumzungumzia. Kutwa anachora nyumba isiyo na mlango. Je, nimkataze?
Dada Mkubwa, Tanga

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Usimkataze, wala usiharakishe kuufasiri mlango usiokuwapo, kwa kuwa katika tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu kutoa majonzi yake kwa kuchora na kazi nyingine za sanaa, mchoraji ndiye mwenye maana ya mchoro wake. Keti kando yake, nawe uchore, kisha umwambie tu, "Nisimulie kuhusu nyumba hii", akinyamaza, mwache.

Mkiwa tayari, chukueni kanga moja ya marehemu, mshone juu yake majina yenu. Mwaka 1987, mjini San Francisco, wafiwa wa UKIMWI walianza kushona kitambaa cha kumbukumbu, kila kipande kikiwa na futi 3 kwa 6, takribani ukubwa wa kaburi, na Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa Washington. Chenu hata kikiwa na ukubwa wa foronya kinatosha.

Ila mtoto akikosa usingizi, akikataa chakula au akisema anataka kumfuata mama, mpelekeni hospitali akaonane na mshauri nasaha, siku hiyohiyo.