Seva zinahamia Dodoma, namba zibaki zilezile

SWALI: Habari za kazi, kaka. Tunahamisha seva 14 kutoka Dar es Salaam kwenda chumba kipya Dodoma. Zote ziko kwenye mtandao wa 10.20.30.0/24, yaani anwani zinazoanza na 10.20.30. Programu yetu ya malipo ni ya zamani, aliyeiandika ameshaondoka, na anwani zimo humohumo ndani yake. Bosi anataka zihame kidogokidogo, huduma isisimame. Namba hizo za anwani zinaweza kubaki zilezile?

JIBU: Zinaweza, ndugu yangu. Ila seva ikifika Dodoma na namba yake, pakiti (vipande vya data) bado zitakwenda Dar na kufia huko, kwa sababu ruta zote, vile vifaa vinavyoelekeza pakiti, zinajua mtandao huo uko Dar. Kazi yako ni kuzionyesha ruta njia mpya.

Bosi akikubali kuzima huduma usiku mmoja tu, beba zote kwa pamoja, ondoa tangazo la mtandao huo Dar (taarifa ya njia ambayo ruta huzipa ruta nyingine), litoe Dodoma. Hakuna njia safi kuliko hiyo. Mwombe tena.

Akikataa, shida ni kwamba seva za mtandao mmoja hazipitii ruta zinapotafutana. Hupaza sauti kwenye swichi, kwa utaratibu uitwao ARP: nani ana 10.20.30.15? Sauti hiyo haifiki Dodoma. Wengi huivusha kwa VXLAN, yaani fremu za swichi zinafungwa ndani ya pakiti za kawaida za mtandao (UDP) na kupitishwa kwenye faiba. Inafanya kazi, lakini kila fremu inaongezeka baiti 50, na hapo ndipo nilipowahi kukesha. Ping (pakiti ya kujaribu kama seva inafikika) ilijibu, ukurasa wa kuingia ulifunguka, lakini mtu akiomba ripoti skrini inaganda. Tulituma ping ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kukatwa vipande (pamoja na vichwa ni 1500), haikurudi hata moja. Pakiti kubwa zilikuwa zinatupwa njiani kimyakimya. Mtoa huduma alipopandisha kikomo cha njia hadi baiti 1600, ripoti zikatoka. Ukitumia VXLAN, pima hilo kabla hujafungua skrubu ya seva ya kwanza.

Mimi ningetumia njia za /32, yaani njia ya anwani moja moja. Kila seva inapohama, ruta ya Dodoma itangaze anwani hiyo moja tu. Ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, kwa hiyo /32 inaishinda /24 ya Dar. Washa proksi ARP kwenye ruta za pande zote mbili, zijibu kwa niaba ya seva zilizo upande wa pili, na anwani ya lango (ruta ambayo seva hupitia kutoka nje ya mtandao wake) iwe ileile kotekote. Halafu safisha majedwali ya ARP kila baada ya kuhamisha: ruta ya Cisco isipoguswa hukumbuka kwa saa 4, na saa hizo simu yako haitapumzika. Seva nyingi zikishafika, geuza: /24 itangazwe Dodoma, zilizobaki Dar zipewe /32. Seva zinazolindana, moja ikianguka nyingine inashika kazi, kwa kuitana kupitia swichi, zibebe siku moja.

Jambo ambalo naomba usilipuuze: programu ya malipo na kanzidata yake zisilale miji tofauti hata usiku mmoja. Barabara ni takriban km 450, na mwanga ndani ya faiba husafiri kama km 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 4, bado vifaa vya njiani. Programu inayouliza kanzidata mara 500 ili itoe ankara moja itamsimamisha mteja dirishani zaidi ya sekunde 2, na kila mteja hivyohivyo.

Kama mna anwani za umma pia, angalia ni za nani. Za kuazima kwa mtoa huduma huwezi kuhama nazo bila ridhaa yake. Mlizopewa na AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, mna haki ya kuzitumia, mnaweza kuzitangaza kutoka Dodoma, lakini intaneti kwa kawaida haipokei tangazo dogo kuliko /24, kwa hiyo hizo zitahama kwa mkupuo.

Anza na seva ya kuchapisha. Iache wiki nzima Dodoma kabla hujagusa malipo.