Daftari la samaki: anza na wale ambao hawajanaswa

Ndugu, umesema mchezo wako wa video wa uvuvi una samaki 90, daftari lao (ukurasa wa ndani ya mchezo unaowaorodhesha) limejaa maelezo, lakini wachezaji hulifungua mara moja na hawarudi tena. Nilikwama hapohapo na mchezo wangu wa kwanza wa uvuvi.

Nilitumia wiki nzima kupamba kadi za waliokwisha kunaswa: picha kubwa, aya ya maelezo, uzito, tarehe. Ambaye hajapatikana nilimwekea alama ya kuulizia tu. Kisha nikawapa watu wanne wacheze mbele yangu, nami nikanyamaza. Wote walifungua daftari wakitafuta jambo moja: nimebakiza nani, na ndoano nikaitupe wapi? Ukurasa wangu haukuwa na jibu.

Kwa hiyo anzia kwenye nafasi tupu. Weka kivuli cha umbo la samaki, kama mchezo wa video wa Stardew Valley unavyofanya. Kivuli peke yake ni dokezo: mkunga, samaki mrefu kama nyoka, hafanani na taa, samaki bapa, hata ukiwapaka weusi mtupu. Chini yake acha nafasi tatu za maneno mafupi: mahali, wakati, hali ya hewa. Zifunguke kidogokidogo. Mchezaji akifika mtoni, "mtoni" linaandikwa. Samaki akikata mshipi usiku, "usiku" linaandikwa. Badiliko hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana hata aliyemkosa samaki anarudi na kitu mkononi.

Mchezo mwingine, Animal Crossing: New Horizons wa 2020, una samaki 80, na miezi na saa za kila mmoja huonekana ukishamnasa. Watengenezaji wake wamechagua hivyo. Kwa mchezo mdogo naona ni kuchelewa. Mtu atatoka kwenda kutafuta jedwali mtandaoni, na pengine asirudi.

Miezi usiiandike kwa sentensi. Chora visanduku 12, jaza vile ambavyo samaki yupo, na kisanduku cha mwezi huu kizungushie mstari mnene. Jicho linasoma hilo kabla ya akili.

Mpangilio: wapange kwa maji wanamoishi, si kwa alfabeti, na kila mmoja akae palepale siku zote. Mimi niliwahi kuwasogeza waliopatikana juu, watu wakapotea kabisa, kwa sababu walikuwa wamekariri mahali.

Uadimu usiuonyeshe kwa rangi peke yake. Takribani mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Ongeza nyota au umbo la fremu. Maandishi nayo yafikie uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu juu ya bluu ya bahari kinapendeza kwenye kompyuta yako, lakini kwenye simu juani hakisomeki.

Zile aya za maelezo usizifute. Umeziandika kwa mapenzi, na wapo watakaozisoma. Ziweke nyuma ya kadi, mtu akigusa picha igeuke.