Kuzuia Hasara ya Maji Kinyunyizio Kinapofunguka Bila Moto

Watu wengi huamini kwamba vinyunyizio vya kuzimia moto vilivyo darini hufunguka vyote kwa pamoja mara moshi unapotokea. Katika mifumo ya kawaida ya ofisi, hoteli na maduka makubwa, sivyo ilivyo. Kila kinyunyizio hujitegemea: kina kichupa cha kioo chenye kimiminika kinachotanuka kwa joto, na kichupa hicho hupasuka joto lake linapofikia kiwango kilichowekwa, ambacho kwa vichupa vyekundu ni nyuzi 68 za Selsiasi. Moshi peke yake haukipasui, lakini ncha ya ngazi inakipasua mara moja.

Katika kazi yangu ya kusimamia majengo ya ofisi jijini Dar es Salaam, matukio mengi niliyoyashuhudia yalianza na mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, awe fundi rangi, fundi wa viyoyozi au mbeba makabati. Ndiyo maana nasisitiza kibali cha maandishi kwa kila kazi inayofanyika karibu na dari, na kabla ya kazi kuanza, mafundi waonyeshwe vinyunyizio kimoja kimoja. Kwenye stoo na maegesho, ambako mizigo hupita juu karibu na dari, vifungwe vizimba vya chuma vya kuvikinga. Nguo na mapambo ya sherehe visining'inizwe kwenye vinyunyizio kamwe. Kinyunyizio kilichopakwa rangi kibadilishwe, kwa sababu kukikwangua ni kukihatarisha zaidi. Jikoni, karibu na majiko na oveni, mhandisi aulizwe kama panahitaji vichupa vya kijani vya nyuzi 93, au hata vya buluu vya nyuzi 141.

Hata hivyo, ukubwa wa hasara huamuliwa hasa na dakika zinazopita kabla ya maji kufungwa. Kinyunyizio kimoja cha aina inayotumika sana hutoa takriban lita 80 kwa dakika shinikizo likiwa bar 1, na shinikizo likipanda hutoa zaidi. Kwa dakika kumi hizo ni lita 800, sawa na mapipa manne ya lita 200, yakishuka kwenye kompyuta, mafaili na dari ya ghorofa ya chini. Nimeona walinzi wakikimbia huku na huko wakitafuta ufunguo wa chumba cha mabomba wakati maji yanateremka kwa ngazi, na hilo linaniuma kwa sababu linazuilika. Kila zamu, ikiwemo ya usiku na ya sikukuu, iwe na mtu anayejua vali ya kila ghorofa, yaani koki ya kufungia maji ya vinyunyizio, ilipo, mwenye ufunguo, na aliyewahi kuifunga kwa mikono yake katika zoezi. Vali ziandikwe namba za ghorofa kwa maandishi makubwa.

Kabla ya kufunga, mtu mmoja lazima ahakikishe kwa macho kwamba kweli hakuna moto, kisha ampigie simu mwenzake aliyesimama kwenye vali. Vali ikishafungwa, pampu ya moto izimwe, kwani yenyewe huwaka shinikizo linaposhuka, na umeme wa eneo lililolowa ukatwe kabla mtu yeyote hajakanyaga maji. Maji ya mwanzo huwa meusi na yenye harufu kwa kuwa yamekaa mabombani muda mrefu, hivyo mazulia na mbao za jipsamu zilizolowa zishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Kinyunyizio kilichopasuka hakitumiwi tena. Hubadilishwa na kipya cha aina na nyuzi zile zile, na vya akiba vikae jengoni. Mpaka fundi amalize, mlinzi azunguke ghorofa hiyo bila kukoma, na namba 114 ya Zimamoto iwe mkononi mwake. Vali ikifunguliwa tena, msimamizi aende aione mwenyewe na kuweka saini kwenye daftari, maana vali iliyosahaulika ikiwa imefungwa huwaacha watu wa ghorofa nzima bila kinga siku moto wa kweli utakapozuka.