Lenzi za Mtoto na Maji ya Kisima

Barua za wiki hii karibu zote ni za macho ya watoto. Naona kuna mtu amerudi Lamu na habari ya lenzi, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani, "zinazotibu" kutoona mbali. Hazitibu. Haya, tuingie.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa na namba ya miwani yake inapanda kila tukienda kupima. Nimesikia kuna lenzi za kuzuia. Ni kweli? (Mama wa Langoni)

JIBU: Ni kweli, ila hazizuii, zinapunguza kasi. Jicho la mtoto asiyeona mbali huwa linarefuka kupita kiasi, na milimita moja tu ya ziada ni karibu namba tatu kwenye miwani. Lenzi hizi katikati zina namba ya kawaida ya mtoto. Pembeni zina duara zinazoleta sehemu ya mwanga mbele ya retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaopokea mwanga) badala ya nyuma yake, na jicho likipata ishara hiyo hupunguza haraka ya kurefuka. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha ya kwanza, MiSight, kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Ilijaribiwa kwa miaka mitatu kwa watoto wa Singapore, Kanada, Uingereza na Ureno, na namba zao zilipanda pungufu kwa asilimia 59 kuliko za wenzao waliovaa lenzi za kawaida.

Zinavaliwa mchana na kutupwa usiku. Hiyo ni lenzi 60 kwa mwezi, na safari yenyewe ni ya miaka. Piga hesabu kwanza, mama, ndipo umwahidi mtoto. Wala usidhani shida ni miwani mizito tu. Jicho lililorefuka sana retina yake huvutika ikawa nyembamba, na ukubwani ndilo lililo rahisi kubanduka retina au kushikwa na glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea.

SWALI: Anaweza kuogelea nazo Shela? (Baba Wawili)

JIBU: Hapana.

SWALI: Mjomba wa mwanangu alituletea lenzi za kuvaliwa mwezi mzima kutoka Dubai. Dawa ya kulowekea imekwisha na hapa sijaipata. Je, nikichemsha maji ya kisima nikatia chumvi kidogo? (Mama wa Mkomani)

JIBU: Swali hili nimelijibu mara ya nne sasa, na safari hii nitalijibu kwa ukali. Usitie. Si ya kisima, si ya mfereji, si ya chupa. Miaka ya 1980 huko Marekani watu walikuwa wakijitengenezea maji ya chumvi ya lenzi nyumbani, tena kwa maji yaliyokenekwa na vidonge vya chumvi, si kwa ndoo ya uani. Wakapata kijidudu kiitwacho akantamiba. Kinakula konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kinauma vibaya sana, dawa yake ni ya miezi, na wako waliopoteza jicho. Kijidudu hicho kinaishi kwenye maji na udongo wa kila mahali. Maji yaliyo matamu kunywa si lazima yawe salama ndani ya jicho.

Halafu nakuuliza, mama: huyo mjomba alipima jicho gani? Lenzi ina mviringo na upana wake, lazima ikae juu ya konea ya huyu mtoto, si ya mtoto yeyote. Zitupe. Avae miwani mpaka umfikishe kwa mpima macho. Mtu asiye na uhakika wa dawa ya kulowekea asimpe mtoto lenzi za mwezi. Za siku moja hazina haja ya kulowekwa.

SWALI: Miwani si ndiyo inayoharibu macho? Mimi mjukuu wangu humvalisha ya namba ndogo ili jicho lisizoee, na karoti humlisha kila siku. (Bibi, Mkunguni)

JIBU: Bibi yangu, shikamoo. Huko Malaysia walifanya hivyo kwa makusudi, utafiti ukatoka mwaka 2002: waliopewa namba pungufu ndio walioharibika haraka zaidi. Mpe namba yake kamili. Na karoti mwachie punda.

SWALI: Lenzi ni ghali kwetu. Hakuna njia nyingine? (Mzazi, Malindi)

JIBU: Ipo ya bure: nje. Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kucheza nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu walioanza kutoona mbali walikuwa asilimia 30, na wenzao ambao hawakuongezewa karibu asilimia 40. Inafaa zaidi kabla macho hayajaanza, kwa hiyo mkumbuke na mdogo wake. Sisi tuna jua la kugawa, lakini mtoto anatoka shule, anaingia chuoni kusoma Kurani, anatoka chuoni anaingia kwenye simu ya mama yake ndani ya chumba chenye dirisha moja. Halafu mnaniandikia mimi. Yapo pia matone ya atropini hafifu, dawa ya kutia jichoni. Hayo ni ya daktari wa macho, si ya duka la dawa.

SWALI: Zile za kulala nazo je? (S., Shela)

JIBU: Zipo. Ni ngumu, zinaikandamiza konea usiku, asubuhi unazivua. Zinataka kuoshwa kwa dawa kila siku, na mmeshasoma hapo juu maoni yangu. Laini za mchana usilale nazo kamwe. Mimi nilisinzia nazo kwenye basi la Mombasa, nikashuka Mokowe jicho jekundu kama kungu lililoiva. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, vua lenzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nina miaka 12, nimeanza lenzi. Nitajuaje kama imegeuka ndani nje? (Mwanafunzi)

JIBU: Swali la maana kuliko ya wakubwa wote. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, hasa kama umekula samaki kwa mkono. Iweke juu ya ncha ya kidole, iinue usawa wa jicho uitazame kwa ubavu. Ikisimama kama kikombe, iko sawa. Mdomo ukilala nje kama sahani, igeuze. Ikianguka sakafuni, itupe, ni nyepesi kama gamba la dagaa lakini inabeba mengi. Na usiilambe ukairudisha. Mate nayo ni maji.