Hela ya uji shuleni

Swali: Shkamoo anti, mi niko Mbagala ila mwanangu anasoma kwa bibi yake kijijini, juzi karudishwa nyumbani na kikombe chake mkononi eti sijatuma hela ya uji, si walisema elimu bure jamani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Elimu bure ipo kweli, ilianza Januari 2016 msingi mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika mpaka cha sita, ila sare na madaftari bado ni ya mzazi, na uji ni makubaliano ya wazazi kwenye mkutano (ambao najua hujawahi kwenda). Kumrudisha mtoto ndo hairuhusiwi, bibi aanzie kamati ya shule, wakimzungusha aende kwa afisa elimu kata. Ila na we hela ya debe la mahindi tuma tu, huo uji anakunywa mwanao.